Kuchunguza Fedha za Kijiji Bila Kumwacha Chanzo Matatani

Mwandishi anayetoka Dodoma mjini asubuhi kwenda kuchunguza ujenzi wa madarasa katika kijiji cha Bahi au Chamwino hurudi na gari la jioni, lakini aliyempa taarifa hubaki palepale, jirani na mwenyekiti, akichota maji kwenye kisima kimoja na watu aliowataja. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza kazi nzima.

Anza na nyaraka ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata, kwa sababu kila unachokipata kwenye karatasi za wazi humpunguzia mzigo anayekunong'oneza. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba hukabidhiwa kwa Rais kabla ya kuwasilishwa bungeni, hupatikana pia kwenye tovuti ya ofisi yake. Soma ile ya serikali za mitaa, tafuta halmashauri yako, kisha uangalie kama hoja ya mwaka huu, yaani kasoro aliyoibaini mkaguzi, ilikuwapo na mwaka uliopita. Hoja inayojirudia ndiyo ya kufuatilia. Kwa nyaraka zisizo mtandaoni, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuziomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Hakikisha nakala ya barua yako imegongwa muhuri wa mapokezi, la sivyo utaambiwa haikufika.

Ukifika kijijini, pita kwanza ofisi ya mtendaji na usaini kitabu cha wageni. Wapo wenzetu wanaoona kuwa huko ni kujitangaza. Mimi naona kuwa mgeni aliyeingia kwa kunyata huwatia mashakani wote walioonekana naye. Omba muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliosomewa mapato na matumizi, daftari la stoo na hati za kupokea vifaa, kisha uzisome kwa pamoja. Tuseme hati inaonyesha kuwa Fuso ya tani 7 ilileta mifuko 240 ya saruji kwa safari moja. Mfuko una kilo 50, kwa hiyo tani 7 ni mifuko 140, na mifuko 240 ni tani 12. Malori yetu huzidisha mzigo, sote tunajua, na pengine mwandikaji alijumlisha safari mbili katika hati moja. Hesabu hiyo basi ni swali la kumpelekea mtunza stoo, haijawa ushahidi wa wizi.

Wazee wengi watajieleza vizuri zaidi kwa Kigogo. Usikubali mkalimani aliyechaguliwa na ofisi ya kijiji, kwa kuwa mara nyingi ni ndugu wa mtu fulani, na mzee atapima maneno yake mbele yake. Nenda na mtu wako, anayejua kuamkia na kukaa kwanza kabla ya kuuliza. Nauli na chakula jilipie mwenyewe. Bahasha ikitolewa, irudishe mbele ya watu na umweleze mhariri siku hiyohiyo.

Sehemu ngumu ni kumficha chanzo. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlenga anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, kwa hiyo usimwahidi anayezungumza nawe kinga ambayo huna uwezo wa kumpa. Na jina siyo kitu pekee kinachomfichua mtu. Niliwahi kuambatanisha na habari picha ya ukurasa wa daftari, nikiwa nimefuta majina yote kwa uangalifu, nikasahau kuwa pembeni kulikuwa na doa la chai. Waliokuwa wakilishika daftari lile walikuwa watatu, na kila mmoja alijua ni nani aliyemwagia chai siku ile. Tangu hapo nanakili takwimu kwa mkono wangu, na kabla ya kuandika jambo lolote najiuliza ni wangapi kijijini wanaolijua. Wakiwa chini ya watano, natafuta njia nyingine ya kulithibitisha au naliacha.

Mpime pia huyo chanzo. Anayekuletea taarifa mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa huenda anautaka uenyekiti, jambo ambalo haliufanyi ushahidi wake kuwa uongo, ila linakulazimu kupata karatasi au shahidi asiye na maslahi.

Unayemtuhumu mpe maswali kwa maandishi, ukitaja kiasi, tarehe na hati, na umpe siku za kutosha kutafuta kumbukumbu zake. Kumpigia simu saa moja kabla ya gazeti kwenda mtamboni ili uandike kuwa hakupatikana ni hila. Panga maswali hayo yatokane na nyaraka za wazi tu, maana swali moja lenye jambo alilolijua mtu mmoja litamfikisha mtuhumiwa mlangoni kwa chanzo wako kabla habari haijatoka. Jibu lake likivunja nusu ya habari yako, lichapishe, na hiyo nusu uiondoe.

Usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha, mjulishe chanzo kwa njia mliyokubaliana, ili kesho yake, wakiuliziana kisimani, habari hiyo isimkute akiwa hajajiandaa.