Nukta mkato katika sentensi za Kiingereza: pa kuiweka na pa kuiacha

Wanafunzi wangu wengi hukosea nukta mkato (;) kwa sababu wanakijua Kiswahili vizuri. Tunapoandika "Basi liliharibika, tukatembea", ile -ka- ndiyo inayoyafunga matendo mawili, na mkato unatosha. Kiingereza hakina -ka-. Kwa hiyo "The bus broke down, we walked" huhesabiwa kuwa kosa katika maandishi rasmi, kwani mkato peke yake hauna nguvu ya kushika vishazi huru viwili, yaani vipande viwili ambavyo kila kimoja kinaweza kusimama kama sentensi.

Hatua ya kwanza: weka nukta pale unapofikiria kuweka nukta mkato, kisha soma kila upande peke yake. "The bus broke down" inasimama, na "We walked" inasimama pia. Ikiwa pande hizo zinahusiana kwa karibu, unaruhusiwa kuandika "The bus broke down; we walked". Upande mmoja ukishindwa kusimama, achana nayo.

Hatua ya pili ndiyo inayomaliza wino wangu mwekundu. "However" na "therefore" ni vielezi, ingawa tumezoea kuyatafsiri maneno hayo kwa "lakini" na "kwa hiyo". Yakiunganisha vishazi huru viwili, hutanguliwa na nukta mkato na kufuatwa na mkato: "The road was flooded; however, the bus arrived". "But" ni kiunganishi halisi, nacho hutosheka na mkato kabla yake.

Hatua ya tatu inahusu orodha ambayo vipengele vyake vina mikato ndani: "We stopped in Voi, Kenya; Moshi, Tanzania; and Jinja, Uganda". Ukitumia mikato mitupu, msomaji atahesabu vituo sita.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo, mwalimu. Je, neno linalofuata lianze kwa herufi kubwa?

Jibu: Marahaba. Hapana, isipokuwa likiwa jina la pekee au "I".

Swali: Je, "I stayed home; because it rained" ni sahihi?

Jibu: Rudi hatua ya kwanza: "Because it rained" haisimami peke yake. Hapo hapahitaji alama yoyote.

Swali: Nimeandika "Dear Sir;" kwenye barua ya kuomba kazi. Nimekosea?

Jibu: Umekosea. Waingereza huweka mkato hapo, nasi tumewafuata. Wamarekani, katika barua rasmi, huweka nukta pacha (:). Kama hujaituma, irekebishe leo.