Istio: punguza lebo kwenye kipimo cha muda, cha idadi kiache

Kama Prometheus (inayokusanya na kuhifadhi vipimo) inakula memori tangu uwashe Istio (wavu unaosimamia mawasiliano kati ya huduma), anza na istio_request_duration_milliseconds, kipimo cha muda wa maombi. Weka Telemetry hii (rasilimali ya Istio ya kupanga vipimo) kwenye istio-system, bila selekta, ishike wavu mzima:

spec:
  metrics:
  - providers:
    - name: prometheus
    overrides:
    - match:
        metric: REQUEST_DURATION
      tagOverrides:
        response_code:
          operation: REMOVE
        response_flags:
          operation: REMOVE

Kila mchanganyiko mpya wa thamani za lebo ni mfululizo mpya wa data, na kwa kuwa hiki kipimo ni histogramu, kila mchanganyiko unazidishwa na idadi ya ndoo zake (vipande vya muda ambamo maombi huhesabiwa). Huduma inayorudisha 200, 404 na 503 inabeba seti tatu nzima za ndoo. Ukitoa lebo hizi inabaki moja. Makosa bado utayahesabu kwenye istio_requests_total, kipimo cha idadi ya maombi, ndiyo maana hicho hatukigusi.

Usihangaike kutoa source_principal (lebo ya utambulisho wa anayeita) ukitegemea nafuu ileile. Kwa kawaida inakwenda sambamba na source_workload (jina la programu inayoita), kwa hiyo mifululizo haipungui, inafupika maandishi tu.

Inakwama wapi? Huduma ikianza kurudisha makosa ya 503 ya haraka haraka, yanachanganyika na majibu mazuri na p95 (muda ambao asilimia 95 ya maombi hayauzidi) inaonekana imeshuka wakati wateja wanaumia. Kwa huduma kama ya malipo, mimi ningeiachia response_code kwa Telemetry ya neimspesi yake. Pia pitia dashibodi na alati (tahadhari) zako kwanza: swali linalochuja muda kwa response_code="200" litarudi tupu, na alati hiyo itanyamaza.