Degedege isiyokatika: kuiwahi kwa dawa ya mshipa

Haya nimeyaandika baada ya kumwelekeza intani chumba cha dharura hapa Kisumu. Ni ya wahudumu wa afya, na vipimo ni vya mtu mzima wa kilo 60.

1. Kumlaza ubavu, oksijeni, sakshoni (kunyonya mate): mnajua. Mmoja ashike saa na kutaja dakika kwa sauti. Zikipita 5, usingoje ikome yenyewe.

2. Pima sukari. Huku ziwani malaria kali huishusha, na diazepamu haitajazia. Mjamzito ana njia yake: magnesiamu salfeti kwanza.

3. Diazepamu miligramu 10 mshipani, kwa dakika 2, bila kuizimua. Mshipa ukikataa, acha kumtobolea mikono. Mpe midazolamu miligramu 10 kwenye msuli wa paja. Dakika 5 zikipita bado anatikisika, rudia diazepamu mara moja tu. Ambubagi (mfuko wa kumpumulisha) iwe kando ya kichwa.

4. Dawa ya pili. Hapa ndipo dakika huyeyuka. Diazepamu ya kwanza ikiingia tu, mwenzako aanze kuvuta hii. Mkiwa na levetirasetamu ya sindano, mimi sina mjadala: miligramu 60 kwa kilo, yaani 3,600 (kikomo 4,500), kwa dakika 10. Utavunja vichupa 8 vya miligramu 500, basi viwe pamoja kwenye trei tangu zamu ianze. Utafiti wa ESETT wa Marekani, uliochapishwa 2019, ulikuta levetirasetamu, fosfenitoini na valproeti zote zikituliza takriban nusu ya wagonjwa. Ndiyo maana nachagua isiyonisumbua kuiandaa.

Lakini mara nyingi kabatini kuna fenitoini tu. Miligramu 20 kwa kilo ni 1,200, karibu ampuli 5 za 250. Changanya na salaini pekee! Ikikutana na dekstrosi (maji ya sukari) hufanya chembechembe, na dekstrosi ndiyo huwa tayari inaning'inia ikiwa sukari ilishuka. Kwa hiyo weka kanula ya pili, kwenye mshipa mkubwa, si nyuma ya kiganja, kwa sababu ikivuja huharibu nyama. Isizidi miligramu 50 kwa dakika, yaani dakika 24 kwa uchache. Kwa mzee au mgonjwa wa moyo, nusu ya kasi hiyo. Mfunge monita ya moyo kama ipo, presha kila dakika 5. Presha ikishuka au mapigo yakipungua, punguza kasi au funga kabisa. Msulini usiichome, hata ukikosa mshipa.

5. Bado? Mwite mtaalamu wa nusukaputi na uulize kitanda cha ICU. Barua ya rufaa iandikwe dawa, kipimo na saa ya kila sindano.