Ripoti za root zikufikie: FreeBSD 14

Asalaam aleikum. Swali la namna ya kuzipata ripoti za seva ya FreeBSD (mfumo endeshi) kwa barua pepe nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, hata Darajani nikiwa na mkoba wa samaki. Sasa basi. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kila usiku seva hujikagua na kumwandikia root (msimamizi mkuu wa mashine): diski imejaa kiasi gani, nani kajaribu kuingia akakataliwa. Barua hizo zinalala `/var/mail/root`, hazina msomaji.

1. Ingia kama root.

2. Fungua `/etc/mail/aliases`, tafuta `# root: me@my.domain`, toa alama ya #, weka anwani yako. Iwe anwani ya nje. Sanduku likikaa seva hiyohiyo, vitazimika pamoja.

3. `newaliases`. Hii ni ya waliobaki na sendmail, programu ya zamani ya kupeleka barua. Dma, iliyoshika nafasi yake, hulisoma faili lenyewe.

4. Kuitoa barua nje. Hapa ndipo watu wanapokwama. Toleo la 14 linakuja na dma, na ukiiacha ilivyo itapeleka barua yenyewe kwa mlango wa 25. Kampuni nyingi za intaneti huufunga mlango huo, na barua ikipenya huishia kwenye taka. Sharti upitie kwa mtoa huduma wako wa barua pepe. Katika `/etc/dma/dma.conf`:

```
SMARTHOST smtp.example.org
PORT 587
AUTHPATH /etc/dma/auth.conf
SECURETRANSFER
STARTTLS
MASQUERADE ripoti@example.org
```

Na `/etc/dma/auth.conf`, mstari mmoja:

```
ripoti@example.org|smtp.example.org:nenosiri
```

STARTTLS bila SECURETRANSFER (inayowasha usimbaji) haitoshi. Ukitumia mlango wa 465, ondoa STARTTLS. MASQUERADE usiiruke, maana wengi hukataa barua inayodai imetoka kwa root wa mashine wasiyoijua. Kisha `chown root:mail` na `chmod 640` kwa auth.conf. Ukiiacha 644, kila mwenye akaunti hapo analisoma neno lako la siri.

5. `echo jaribio | mail -s jaribio root`, halafu `mailq` uione foleni ya barua. Ikiganda, soma `/var/log/maillog`.

MASWALI

Kijana wa Bububu: Haifanyi kazi.

— Nini hakifanyi kazi? Leta maillog.

Kijana wa Bububu: Hii auth.conf yangu yote: [nimeifuta]

— Nimeomba maillog, weye umeanika neno la siri. Libadilishe sasa hivi. Na uondoe nafasi uliyoacha baada ya `|`.

Mwana Wete: Maalim, crontab (ratiba ya kazi za seva) inasema 3 na dakika 1, mbona ripoti naipata saa 12 asubuhi?

— Umeangalia vizuri. Hiyo 3 ni saa 9 usiku kwa hesabu yetu. Ikija saa 12, seva yako iko UTC (saa ya kimataifa), nyuma yetu kwa saa 3. Endesha `tzsetup`, chagua Tanzania, kisha `service cron restart`.

Mwana Wete: Ahsante. Na umeme ukikatika barua ikiwa bado foleni?

— Haipotei, iko `/var/spool/dma`, ila seva ikiwaka haisukumwi papo hapo. Ongeza kwenye crontab ya root: `@reboot /usr/sbin/sendmail -q` (jina ni la sendmail, ila hapa linaiita dma).

Bi Chake: Mie nataka ya usalama tu, hii ya kila siku inanijazia sanduku.

— Bi mkubwa, andika `daily_output="/var/log/daily.log"` ndani ya `/etc/periodic.conf`. Ya usalama ina mpangilio wake, `daily_status_security_output`, itaendelea kuja kwa barua. Logi isikutie hofu, newsyslog, inayopunguza logi zikikua, tayari inaizungusha.

Kijana wa Bububu: Imekubali! Sasa ripoti ni ndefu mno, nizime zote?

— Soma alivyojibiwa Bi Chake.