Somo: Taa za mbele za kamio ya zamani zikififia, tafuta volti zinapopotelea

Anayeteremka mlima wa Ngomo usiku kuelekea Kamanyola, mvua ikinyesha, lazima auone ukingo wa barabara kabla gurudumu halijaufikia. Ndiyo maana inaniuma kuona kamio yenye injini safi na breki safi ikitoka Bukavu na taa za njano kama taa ya mafuta. Shofere akilalamika, anaambiwa anunue balbu ya wati 100. Balbu hiyo inavuta umeme mwingi zaidi kwenye waya zilezile zilizochoka, swichi ya dashibodi inaanza kunuka, na barabara bado haionekani. Mara nyingi balbu haina kosa. Umeme unapotea njiani, na mahali unapopotelea panapimika.

Nazungumzia kamio za miaka ya 1960 na 1970: Mercedes zenye pua, Bedford na nyingine za rika lao. Nyingi hazina relai kwenye taa, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Umeme wote unatoka batri, unapanda hadi swichi ya dashibodi, unapita swichi ya kubadilisha taa fupi na ndefu, unapita fyuzi, unafika kwenye balbu, kisha unarudi batri kupitia chasi. Njia hiyo ya kurudi ndiyo masi.

1. Jua volti zako. Usikisie kwa jina la gari. Kamio iliyopita mikononi mwa mafundi wengi inaweza kuwa imebadilishwa. Pima kwenye batri injini ikizunguka. Mfumo wa 12 uonyeshe kati ya 13.8 na 14.4, wa 24 uonyeshe kama 28. Ikiwa chini sana ya hapo, anza na alternata (mashine inayochaji batri) na mkanda wake. Tazama pia mguu upi wa batri umefungwa kwenye chasi, maana baadhi ya magari ya zamani ya Uingereza yalifungwa chanya. Vipimo vya hapa chini ni vya gari lenye hasi kwenye chasi.

2. Pima taa ikiwa inawaka. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukichomoa soketi ya balbu na kupima, multimeta (kipimo cha umeme) itakuonyesha volti 12 kamili hata kama ndani ya waya umebaki uzi mmoja mzima, kwa sababu multimeta yenyewe haivuti umeme wa maana. Uzi huo ukidaiwa ampea 4 na nusu za balbu ya wati 55, unashindwa. Kwa hiyo washa taa fupi, acha soketi mahali pake, na uguse vyuma vyake kwa nyuma.

Weka ncha nyekundu kwenye mguu chanya wa batri na nyeusi kwenye chuma cha taa fupi cha soketi. Namba unayoisoma ndiyo volti zinazopotea wakati wa kwenda. Kisha weka nyekundu kwenye chuma cha masi cha soketi, na nyeusi kwenye mguu hasi wa batri. Hizo ndizo zinazopotea wakati wa kurudi. Mimi siikubali zaidi ya nusu volti kwa kila upande. Ukiona volti 1 au 2, umeshajua upande wenye ugonjwa. Usidharau: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya halojeni hupungua kwa karibu asilimia 30.

3. Masi. Tumia muda wako mwingi hapa. Waya wa masi umefungwa kwa boliti kwenye bati la mbele, na bati hilo limepigwa rangi juu ya rangi, udongo mwekundu ukajaa chini yake. Fungua boliti, kwangua mpaka chuma king'ae, weka kiungio kipya, kaza, kisha paka grisi juu. Mimi huongeza waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kila taa hadi kwenye chasi yenyewe, nisitegemee bati.

Kuna dalili moja ya kuikumbuka. Umewasha taa fupi, taa ya kushoto imefifia, na kile kitaa cha bluu cha taa ndefu kwenye dashibodi kinawaka kidogokidogo. Taa ya kushoto imekosa masi. Umeme umeingia kwenye uzi wa taa fupi ndani ya balbu, haukupata pa kutokea, ukarudi kupitia uzi wa taa ndefu na kwenda kutafuta masi kwenye taa ya kulia. Ukibadilisha balbu kwa dalili hiyo, umetupa pesa.

4. Fyuzi. Zile ndogo za kauri zenye ncha mbili hushika kutu kwenye ncha. Izungushe kwa vidole. Taa ikiongezeka, safisha vibanio vyake. Nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ni ya 16. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara isiwekwe hapo badala ya fyuzi hata kwa usiku mmoja.

5. Swichi. Kamio nyingi zina swichi ya kubadilisha taa sakafuni, karibu na klachi, inakokanyagwa kwa viatu vyenye matope. Pima kati ya kuingia na kutoka kwake. Kwenye gari la Ujerumani soma namba: 56 inaingia, 56a ni taa ndefu, 56b ni taa fupi, 31 ni masi.

6. Relai mbili, moja kwa taa fupi, moja kwa taa ndefu. Mguu wa relai ulioandikwa 30 upate umeme wa batri kwa waya wa milimita 4 za mraba. 87 uende kwenye taa. 86 ufungwe kwenye waya wa zamani wa swichi. 85 kwenye masi. Fyuzi ikae karibu na batri: ampea 15 kwa mfumo wa 12, ampea 10 kwa mfumo wa 24 wenye balbu za wati 75/70 (75 taa ndefu, 70 taa fupi). Relai iwe ya volti za gari lako.

Maswali ya wanachama

*Shofere, Uvira: Fundi, kamio yangu ni ya 24. Redio nimeifunga kwenye batri moja ili ipate 12. Batri hiyo inakufa kila mara. Inahusu taa?*

Inahusu, kaka. Alternata inachaji batri zote mbili kwa mkondo mmoja. Inayolisha redio haijai, mwenzake inachajiwa kupita kiasi na maji yake yanakauka, na injini ikizimwa taa zinapata volti pungufu. Itoe redio hapo, weka kibadilishi cha kutoka 24 kwenda 12. Ukinunua batri, nunua mbili zinazofanana kwa pamoja.

*Kijana wa garaji, Kadutu: Yaya, si niweke LED za sokoni tu, zinavuta umeme kidogo?*

Mdogo wangu, kioo cha ndani cha taa kilichongwa kufuata mahali uzi wa balbu ulipo. Mwanga ukitokea mahali pengine unatawanyika: unampofusha anayekuja, na kwenye ukungu unakurudia machoni. Tazama kwanza kama kioo hicho bado kinang'aa. Kama kimechubuka, badilisha taa nzima.

*Mama mwenye kamio, Walungu: Mimi si fundi. Nitajuaje kazi imefanyika kabla sijalipa?*

Mama, mwambie akuonyeshe vile vipimo viwili vya hatua ya pili kabla hajaanza, uviandike, kisha avirudie mbele yako baada ya kazi, taa zikiwaka. Visiposhuka chini ya nusu volti, usimalize malipo. Angalia pia waya mpya zimevikwa mpira na hazipiti karibu na bomba la moshi.