Riwaya ya vijana kwa kurasa mbili kwa siku
Nunua kaunta buku ya kwaya tatu. Ukurasa wake mmoja, kwa mwandiko wa kawaida, hubeba maneno kama 200. Kurasa mbili kwa siku ni maneno 400, na siku 75 zinakufikisha 30,000, yanayotosha riwaya ya vijana.

Kipimo hicho kimewahi kumwokoa mtu. S. E. Hinton, mwandishi wa Tulsa, Oklahoma, Marekani, alianza kuandika riwaya yake *The Outsiders* akiwa na miaka 15, ikatoka 1967 akiwa na 18. Umaarufu ukamlemea, kalamu ikagoma. Mchumba wake, ambaye baadaye alikuja kumwoa, akamwekea sharti: bila kurasa mbili, jioni hakuna kutoka. Kitabu cha pili kilichapishwa 1971.

Msimuliaji awe na miaka 14 hadi 17, na aseme "mimi". Ponyboy, msimuliaji wa *The Outsiders*, ana 14. Wazazi wake walikufa kwa ajali ya gari, analelewa na kaka yake. Mzazi akiwepo kila ukurasa atamaliza kila tatizo kabla mtoto hajalishika. Si lazima umuue. Mama anayeuza samaki soko la Deep Sea, Tanga, mpaka usiku anatosha.

Kabla ya sura ya kwanza, chora ramani. Kisa kikianzia mtaa wa Ngamiani, hapo Tanga, nenda mwenyewe mpaka ufukwe wa Raskazone kwa miguu, kisha kwa baiskeli, ukihesabu dakika. Andika reli inavukwa wapi na kijiwe kiko barabara ya ngapi. Mhusika akitembea akafika ufukweni kwa dakika tano, msomaji wa Tanga hatakuamini tena hata ukisema bahari ina chumvi.

Ukishafika katikati, utatamani kurudi kuisahihisha sura ya kwanza. Usirudi, tia alama pembeni, songa mbele. Wanaorudi huishia na sura ya kwanza iliyoandikwa mara sita, ya pili hakuna. Ugonjwa mwingine ni mjomba anayezuka mwishoni kutoa nasaha. Mfute. Misimu, yaani maneno ya kijiweni, nayo itie kama pilipili, maana ya mwaka huu mwakani itachekwa.

Unapochapa kwenye kompyuta, kumbuka mpiga chapa hupanga kurasa kwa mafungu ya 16. Maneno 30,000, ukiweka 300 kila ukurasa, ni kurasa 100. Ongeza 12 za jina, haki na tabaruku, zinakuwa 112, mafungu saba kamili. Zikifika 114, punguza mbili, la sivyo utalipia karatasi tupu.