Kukagua maelekezo ya jaji kabla wazee wa baraza hawajajifungia

Katika kesi ya jinai Marekani, wazee wa baraza, mara nyingi 12, ndio wanaoamua hatia. Si kama wale wa Tanzania, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Kwa hiyo jaji akiwaeleza sheria kombo, uamuzi nao huenda kombo hata kama kila shahidi alisema kweli.

Ukiwa wakili wa utetezi, omba rasimu ya maelekezo mapema, kisha isome kwa sauti, kwani wazee wataisikia. Kila sentensi iulize: hapa nani anatakiwa kuthibitisha? "Sheria huchukulia kuwa mtu hukusudia matokeo ya kawaida ya matendo yake ya hiari" ni maneno matamu, lakini yalikataliwa katika kesi ya Sandstrom dhidi ya Montana (1979). Mzee angeweza kuelewa kwamba nia imeshathibitika, na ni juu ya mshtakiwa kuikanusha. Pendekeza badala yake "mnaweza, wala hamlazimiki, kuona kwamba alikusudia".

Kwenye tafsiri ya shaka, ile ambayo mzee akibaki nayo hapaswi kutia hatiani, futa vivumishi vinavyoikuza. Katika Cage dhidi ya Louisiana (1990) wazee walielekezwa kwamba shaka lazima iwe nzito. Mwenye shaka ya kawaida tu, ingawa ina msingi, angetia hatiani. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kosa la namna hiyo haliwezi kupuuzwa eti halikuleta madhara.

Mshtakiwa asipotoa ushahidi, wakili ana haki ya kuomba wazee waambiwe wasimhukumu kwa kunyamaza. Asipoomba, jaji halazimiki. (Wapo wasioomba makusudi, wakihofia kuwakumbusha wazee jambo walilokwishalisahau.)

Rasimu safi haitoshi. Katika kesi ya Quercia (1933), jaji aliwaambia wazee kwamba mshtakiwa alivyokuwa akifutafuta mikono kizimbani ni karibu kila mara dalili ya uongo. Hukumu ilitenguliwa. Basi fuatilia usomaji neno kwa neno, uandike kila nyongeza.

Pingamizi litolewe kabla wazee hawajaenda kujadiliana, wao wasisikie, na liingie kwenye mwenendo wa kesi. "Napinga maelekezo yote" halisaidii kitu. Taja sentensi, kasoro yake na maneno mbadala. Ukikaa kimya, kwenye mahakama za shirikisho rufaa itabidi ionyeshe kosa la wazi lililogusa haki za msingi za mshtakiwa, na hapo wengi hukwama.